Kabla ya Drili, Nunua Kinoo

Mtu anayeanza kupanga kona ya ufundi nyumbani kwake, iwe stoo, kibaraza cha uani au pembe ya gereji, mara nyingi safari yake ya kwanza dukani huishia kwenye drili. Si ajabu. Kazi ya drili inaonekana papo hapo, na hakuna nyumba isiyo na pazia au rafu inayosubiri kutundikwa. Lakini nikiulizwa pesa ya kwanza iende wapi, jibu langu ni kinoo: jiwe zuri la kunolea, lenye upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Chombo chochote kinachokata, kuanzia patasi hadi kisu cha jikoni, thamani yake iko kwenye makali, na makali hayo hayauzwi dukani. Patasi nyingi mpya hutoka kiwandani na makali ya kuanzia tu. Ukiitumia hivyo hivyo utasukuma kwa nguvu, mbao itachanika badala ya kukatika, na siku chuma kitakapoteleza nguvu yote ile itaishia kwenye mkono ulioshika mbao.

Anayetaka kuona ninachosema aende Nungwi, kaskazini ya Unguja, kwenye ufuko wanakoundia majahazi. Chombo cha kwenda baharini kinatoka mikononi mwa watu wenye tezo, misumeno, nyundo, patasi na keekee inayozungushwa kwa uta. Zana ni chache, na zote zinakata. Simwambii mkazi wa Sinza jijini Dar es Salaam au Buruburu jijini Nairobi aishi na keekee ya uta. Namwambia kwamba bajeti ndogo inatosha kabisa ikienda mahali pake.

Basi mahali pake ni wapi? Angalia kinachoharibika nyumbani kwako. Bawaba zimelegea, kitasa kinagoma, bomba la jikoni linadondosha, mguu wa kiti unacheza, wavu wa dirishani umechanika, banda la kuku linahitaji mlango. Kazi hizi zote zinafanyika kwa nyundo moja, msumeno wa mbao, msumeno wa chuma, bisibisi nne, plaizi, spana chache, patasi mbili (milimita 12 na 25 zinatosha), tupa, futikamba, skwea na pimamaji. Ongeza jiriwa, ile ambayo karakana nyingi huiita vaisi, hata kama ni ndogo ya kubana kwenye meza. Watu huisahau, kisha hushika kitu kwa mkono mmoja na kukikata kwa mwingine. Kitu kisichobanwa hucheza, na kinachocheza hakikatwi sawa.

Nyundo ya nyumbani iwe na kichwa cha gramu 450 hivi, yaani wakia 16, na makucha ya kung'olea misumari. Nzito zaidi ya hapo inachosha mkono usiozoea, na mkono uliochoka hupinda msumari. Usigonganishe uso wa nyundo moja na mwingine hata siku moja: vyuma hivyo vimekaushwa vikawa vigumu, na kipande kinachokatika huruka kwa kasi ya kutosha kuingia jichoni.

Bisibisi za nyota si za aina moja, na hili linawatesa watu wengi bila kujua. Kuna nyota ya Phillips, yenye alama PH, na kuna Pozidriv, yenye alama PZ. Ukitazama kichwa cha skrubu ya PZ utaona mistari minne myembamba katikati ya mikono ya msalaba. Skrubu nyingi za mbao na za bawaba ni PZ namba 2; skrubu nyeusi za gipsamu ni PH namba 2. Ukiingiza PH kwenye PZ inaonekana imekaa, lakini ukikaza inapanda juu na kuula msalaba, na baada ya mara mbili tatu skrubu hiyo haitoki tena. Nunua zote mbili. Bapa mbili, ndogo na pana, zinakamilisha nne. Na bisibisi ibaki bisibisi. Ukiigeuza tindo au mtaimbo, ncha yake hubomoka na haitashika skrubu tena.

Kwa spana, angalia unachokifungua. Magari ya Kijapani, ambayo ndiyo yamejaa barabarani kwetu, hutumia sana namba 10, 12, 14 na 17. Magari ya Ulaya yatakudai 13 kila mara. Chagua spana yenye mdomo upande mmoja na pete upande mwingine, na zoea kutumia pete kwanza: pete inaishika nati pembe zote, mdomo unaishika pande mbili tu, na nati iliyoshika kutu huliwa pembe zake kwa sababu hiyo. Spana inayorekebishika, ile ambayo gereji zote huiita spana malaya, ni ya msaada kwenye mabomba. Ikaze hadi isicheze, kisha ivute uzito uangukie kwenye taya lisilosogea. Ukiigeuza, taya linalosogea ndilo linalobeba mzigo, nalo hulegea likaharibika.

Ukifika dukani, mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam au kwingineko, usichukue cha kwanza unachopewa kaunta. Omba kuona vitatu vinne vya aina moja na uvikague. Hakuna muuzaji wa kweli atakayekasirika. Plaizi ifumbe na uielekeze kwenye mwanga: taya zikutane bila upenyo, na sehemu ya kukatia ikate karatasi nyembamba kwa usafi. Msumeno utazame kwa urefu wake kama unavyotazama mbao kuona kama imepinda, kisha ukunje kidogo na uuachie. Urudi ukiwa umenyooka. Mpini wa nyundo utazame kwenye kitako: mistari ya ukuaji wa mti ielekee kule nyundo inakopigia, isiukate mpini kwa upande, kwa sababu mpini uliokatwa vibaya hupasuka kufuata mistari hiyo. Drili izungushe kwa mkono huku imebana biti iliyonyooka. Ncha ya biti ikichora duara badala ya kutulia mahali pamoja, iache.

Skwea ina jaribio la nusu dakika. Ibane kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari, igeuze ubavu na uchore tena pale pale. Mistari ikilala mmoja juu ya mwingine, skwea ni ya haki. Ikiachana kama mdomo wa mkasi, ni mbovu, na kosa ni nusu ya upana huo. Pimamaji nalo hivyo hivyo: liweke juu ya meza, soma tone lilipokaa, kisha lizungushe upande wa kulia uje kushoto. Tone likihama, rudisha kabatini. Kuhusu futikamba, wengi hudhani ile ndoana ya mwisho inayocheza imelegea, wakaigongea ikaze. Inacheza makusudi, kwa kiasi cha unene wake wenyewe, ili kipimo kiwe sahihi ukiikwamisha kwenye ukingo na pia ukiisukuma ndani ya kona. Iache icheze. Kwa kipimo cha uhakika zaidi anzia kwenye sentimita 10, kisha kumbuka kutoa 10 mwishoni.

Alama zilizogongwa kwenye chuma zisikuhadae. Cr-V inadai chuma kina kromi na vanadi, na HSS kwenye biti inadai ni chuma kinachovumilia joto la kukata, lakini kugonga herufi ni kazi rahisi kwa mwenye kughushi. Mimi naamini zaidi tupa ndogo mfukoni. Muuzaji akikuruhusu, ipitishe kidogo karibu na makali ya patasi: chuma kilichokaushwa vizuri hukataa na tupa huteleza, chuma laini hulika kama msumari. Jaribio hili lina faida kubwa hasa kwa zana zinazofuliwa na mafundi wetu, kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi. Patasi iliyofuliwa kutoka kwenye springi ya gari imetokana na chuma kizuri sana, pengine kizuri kuliko cha patasi ya boksi la rangi rangi, lakini ubora wake unategemea jinsi fundi alivyoipasha moto na kuizamisha. Tupa ndiyo itakayokwambia.

Mitumba usiidharau. Randa ya zamani ya Stanley au Record yenye kutu ya juu juu ni bora kuliko randa nyingi mpya za bei ya chini, maana kutu ya juu inatoka na chuma cha ndani kipo. Kinachoiua ni mashimo ya kutu mgongoni mwa jembe lake, yaani chuma chake kinachokata, karibu na makali. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana. Mgongo ukiwa na mashimo, hata ukinoa mteremko mpaka jua lizame, makali yatakuwa na mapengo. Angalia pia mwili wa randa, hasa pande za mdomo wake, kama haujapasuka. Chuma cha kusubu kikipasuka hakina dawa ya nyumbani.

Sasa kunoa kwenyewe, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu hii ndiyo kazi inayotenganisha kona ya ufundi inayotumika na ile inayopambwa.

Kama huna kinoo bado, nenda kwenye duka la wapaka rangi magari ununue msasa wa maji namba 240, 400, 800 na 1,000 au zaidi. Ubandike kwa maji juu ya kipande cha kioo kinene kilicholala mezani. Kioo ni bapa, msasa ni rahisi, na makali yatakayopatikana hayatakuwa na tofauti na ya kinoo cha gharama. Ubaya wake ni kwamba msasa unaisha, kwa hiyo kadiri unavyonoa, kinoo ndicho kinachokuja kuwa rahisi. Ukishakipata, amua mapema kama ni cha maji au cha mafuta. Kilichokwisha kunywa mafuta hakirudi kwenye maji. Mafuta yawe mepesi. Ya cherehani yanafaa sana. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, hukauka yakawa kama gundi na kuziba vitundu vya jiwe.

Anza na mgongo wa patasi, upande ule usio na mteremko. Ulaze bapa kabisa juu ya jiwe na usugue sentimita mbili tatu za mwisho tu, vidole vikibonyeza karibu na makali. Mwanzoni utaona sehemu chache zinang'aa na nyingine bado nyeusi. Endelea mpaka mng'ao ufike kwenye makali yote, toka kona hadi kona. Kazi hii inaweza kuchukua muda kwa patasi mpya, lakini hufanywa mara moja katika maisha ya chombo. Baada ya hapo ni kugusa tu.

Kisha geuza. Mteremko wa patasi ya mbao hukatwa kwa nyuzi 25. Huna haja ya kifaa cha kupimia: kwa pembe hiyo, urefu wa mteremko huwa kama mara mbili na theluthi ya unene wa chuma. Patasi yenye unene wa milimita 4 iwe na mteremko wa karibu milimita 9 na nusu. Ukiwa mfupi zaidi, pembe ni butu. Ukiwa mrefu zaidi, makali ni membamba na yatakatika kwenye mbao ngumu. Kalisha mteremko juu ya jiwe mpaka uhisi umelala wote, funga viwiko karibu na mwili, na usogee mbele na nyuma kwa kutumia mwili badala ya vifundo vya mikono. Vifundo vikicheza, mteremko unageuka mviringo, na hilo ndilo kosa la karibu kila anayeanza. Tumia jiwe lote, katikati na pembeni, usije ukachimba bonde. Jiwe likishapata bonde, lisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kile kioo mpaka lirudi bapa.

Baada ya muda pitisha kidole mgongoni, kutoka kwenye chuma kuelekea nje ya makali, usipitishe kwa urefu wa makali. Utahisi ukingo mdogo unaokwaruza, chuma chembamba kilichokunjikia upande wa pili. Ukingo huo ni ushahidi kwamba umefika kwenye makali. Kama upo nusu ya upana tu, nusu nyingine bado. Ukiupata toka kona hadi kona, hamia upande laini, inua mpini kidogo, kama nyuzi 5 zaidi, na upige mikwaruzo michache tu. Geuza, laza mgongo bapa, piga miwili mitatu kuondoa ule ukingo. Geuza tena. Maliza kwa kuiburuta kinyumenyume juu ya mshipi wa zamani wa ngozi uliogongomewa kwenye ubao.

Jaribu kwa macho kwanza. Elekeza makali kwenye taa: makali halisi hayaonekani, ni mstari mweusi, panapometa ni butu. Halafu chukua kipande cha paini na ukate kwenye kichwa chake, pale mti ulipokatwa kwa kukingama. Patasi butu itaponda nyuzi na kuacha uso mweupe wenye vumbi. Iliyonolewa itaacha uso unaong'aa, na utasikia sauti yake ikibadilika.

Jiwe la umeme lina haraka, na lina hatari moja kubwa kwa chuma. Ukiona ncha inageuka rangi ya majani makavu, toa mara moja na uichovye kwenye maji. Ikifika buluu, joto limefika kama nyuzi 300 za selsiasi na ugumu wa pale umeondoka. Makali yake yatakuwa yanakunjika kila siku mpaka sehemu yote ya buluu isagwe iishe. Kwa hiyo jiwe la umeme litumike kuondoa mapengo makubwa tu, kwa kugusa na kuchovya, na kinoo kimalizie.

Misumeno ya mbao inayouzwa sasa mingi ina meno yaliyokaushwa kwa umeme, utayajua kwa rangi yake nyeusi yenye buluu nchani. Hiyo hainoleki. Tupa itateleza na kuharibika yenyewe. Ukishakuwa butu, ubadilishe. Msumeno wa kizamani wenye meno ya rangi moja na chuma unanoleka kwa tupa ya pembetatu miaka na miaka, na kama umerithi mmoja wa namna hiyo usiutupe. Wembe wa msumeno wa chuma hufungwa meno yakitazama mbele, mbali na mpini, na ukazwe mpaka ulie ukiugonga kwa kucha. Chagua meno kulingana na unene: 18 kwa inchi kwa chuma kizito, 24 kwa bomba, 32 kwa bati. Angalau meno matatu yawe ndani ya unene unaokatwa, la sivyo jino moja litakwama na kukatika.

Tupa hukata ikienda mbele peke yake, kwa hiyo inyanyue unaporudi. Isuguliwe na chaki kabla ya kutumika kwenye alumini au shaba ili unga usijaze mifereji yake. Isitumike bila mpini: mkia wake uliochongoka unaelekea moja kwa moja kwenye kiganja.

Tukifika kwenye umeme, jambo la kwanza ni volti. Majumbani Tanzania tuna volti 230, Kenya 240. Ndugu aliyeko Marekani akikutumia drili ndani ya kontena, soma kibati chake kwanza: kule ni volti 120, na ukiichomeka ukutani itaungua kabla hujaielewa. Zana za mtumba kutoka Uingereza nazo zina mtego. Kwenye maeneo yao ya ujenzi hutumia volti 110, na zana hizo huwa na plagi ya njano ya mviringo. Muuzaji akishaikata na kufunga plagi ya kawaida ya pini tatu, huwezi kujua kwa kutazama nje. Kibati ndicho kinachosema, na kama kimebanduliwa, usinunue.

Alama ya mraba ndani ya mraba maana yake zana ina kinga maradufu na haihitaji waya wa ardhi. Isiyo nayo inauhitaji, na nyumba nyingi zina tundu la tatu ukutani lisilounganishwa na kitu. Mwite fundi umeme apime kabla hujaanza kutumia mashine yenye mwili wa chuma. Fyuzi ya plagi ikikatika weka fyuzi, usiweke karatasi ya sigara wala uzi wa waya. Waya wa ekstensheni ulioviringwa kwenye gurudumu ukunjue wote kabla ya kazi nzito, kwa sababu ukiwa umeviringwa joto halina pa kutokea na plastiki huyeyuka ndani kwa ndani.

Kwa kuta za tofali za saruji utahitaji drili yenye mpigo wa nyundo na biti ya zege yenye ncha ya kabidi. Fisha ya milimita 6 huingia kwenye tundu la milimita 6. Ukihamia kwenye mbao au chuma zima mpigo. Usitoboe moja kwa moja juu au chini ya swichi na soketi, maana nyaya hupita hapo. Glovu zivuliwe unapotumia drili. Kitambaa kikishikwa na biti huvuta na kidole.

Grainda nitaisema kwa ukali, kwa kuwa naona inavyotumika mitaani. Diski ya milimita 115 inayozunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Ile kinga ya bati haikuwekwa kwa urembo. Wanaoivua wapachike diski kubwa ya milimita 230 kwenye grainda ndogo wanapaswa kusoma maandishi ya diski hiyo: imeruhusiwa mizunguko 6,600 hivi kwa dakika, nayo mashine inaipa zaidi ya mara moja na nusu ya hiyo. Diski ya kukatia isitumike kusagia kwa ubavu. Iliyoanguka sakafuni itupwe, hata kama ufa hauonekani. Pete ya chuma iliyo katikati ya diski huwa imechapwa mwezi na mwaka wa kuisha muda wake, kwa sababu gundi inayoshikilia chembe huchakaa na unyevu; isome kabla ya kulipa. Na kufunga wembe wa msumeno wa mbao kwenye grainda ni kitu ambacho hakuna kazi ya nyumbani inayokihalalisha. Meno yakikwama kwenye mbao mashine huruka kuelekea kwa aliyeishika, na mkono mmoja hauwezi kuizuia. Vaa miwani ya kinga. Miwani ya jua si kinga.

Zana za betri ni nzuri pale umeme unapokatika kila wiki. Usibabaishwe na boksi lililoandikwa volti 20 mbele ya lililoandikwa 18. Betri za lithiamu za aina hiyo zote kwa kawaida zina seli tano. Moja imehesabiwa zikiwa zimejaa, nyingine kwa wastani wa kazi. Betri ya lithiamu huuawa na joto kuliko kitu kingine, kwa hiyo isilale ndani ya gari lililoegeshwa juani, na kama huitumii kwa miezi iache ikiwa na chaji ya nusu. Drili ya waya ikianza kutoa cheche nyingi na harufu kupitia matundu ya hewa, mara nyingi vipande vyake vya kaboni vimeisha. Ni bei ndogo na hubadilishwa viwili kwa pamoja, vya kipimo kile kile. Watu wengi hutupa mashine nzima kwa ajili ya kaboni.

Utunzaji unategemea unakoishi. Tanga, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, adui ni kutu: hewa ina unyevu na chumvi, na jasho la mikono linaongeza chumvi nyingine. Futa kila chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kabla ya kukirudisha, na usiweke sanduku juu ya sakafu ya saruji. Liinue kwa vipande vya mbao. Mafuta yawe safi. Oili chafu ya gari ina masizi na tindikali, na haifai kwa ngozi ya mtu. Zana iliyokwisha kushika kutu ilaze usiku kucha kwenye siki, isugue asubuhi kwa brashi ya waya, kisha ioshe kwa maji yenye magadi ili kuua tindikali iliyobaki. Ikaushe papo hapo na kuipaka mafuta, la sivyo kabla ya mchana itakuwa imerudia rangi yake. Vilivyopakwa kromi au zinki visiingie kwenye siki, itakula mpako.

Dodoma na Singida shida ni nyingine. Kiangazi kinakausha mpini, mbao inasinyaa na kichwa cha nyundo au shoka kinaanza kucheza. Dawa inayotumiwa na wengi ni kukizamisha kwenye maji usiku mmoja, na asubuhi kimekaza kweli. Kinachotokea ni kwamba mbao imevimba ndani ya tundu la chuma, nyuzi zake zikabanwa na kupondwa. Ikikauka inasinyaa zaidi ya mwanzo, na wiki ijayo kichwa kimelegea kuliko jana. Tiba ni kabari. Shika nyundo kichwa kikiwa chini bila kugusa kitu, na ugonge kitako cha mpini kwa rungu la mbao. Kichwa kitapanda kwa uzito wake mpaka kikaze. Chonga kabari nyembamba ya mbao ngumu, mninga au mkongo, igongee kwenye mpasuo ulio juu ya mpini mpaka isiendelee, kisha kata kilichozidi kwa msumeno wa chuma. Kabari ya chuma ikihitajika, iingie kwa kukingama na ya mbao. Mpini ukiwa umepasuka, usiufunge kwa waya wala mpira. Tafuta mti wa mpera ulionyooka, uache ukauke kivulini miezi kadhaa kabla ya kuuchonga, kwa sababu mpini uliochongwa mbichi utalegea mwezi huo huo, hata ukiwa na kabari nzuri kiasi gani.